Ni Nani Mwanamke Aliyevikwa Jua?

Kila mwaka ifikapo tarehe 15 Agosti, Wakatoliki wa Afrika Mashariki huadhimisha Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, na somo la kwanza la Misa hutoka sura ya 12 ya Ufunuo wa Yohana: mwanamke aliyevikwa jua, mwezi chini ya miguu yake, taji ya nyota 12 kichwani. Waumini hurudi nyumbani wakijua wamesomewa habari za Maria. Katika kanisa la Waadventista Wasabato lililo ng'ambo ya barabara, mwalimu wa shule ya Sabato huifungua sura hiyohiyo na kufundisha kwamba mwanamke yule ni Kanisa safi la Mungu, lililofichwa jangwani kwa miaka 1260. Waadventista walianza kazi Upareni mwaka 1903, wakafika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na fundisho hilo walikuja nalo. Majirani hawa huzikana na kuoleana, lakini wakifika kwenye sura hii kila mmoja humwona mwenzake kuwa amepotea.

Swali la nani hasa yule mwanamke lina umri mkubwa kuliko ubishi wao. Limejibiwa Roma na Karthago, Seville na Mexico, na kila jibu limeacha alama yake: sala, picha, vitabu, hata misiba. Nikiyafuata majibu hayo tangu mwanzo, naona jambo moja likijirudia karne baada ya karne. Waliomsoma mwanamke yule kuwa ni watu wa Mungu kwa pamoja waliweza kuyabeba maono yote. Waliotaka awe mtu mmoja peke yake walilazimika kupunguza kitu. Na waliomtafuta miongoni mwa watu wa siku zao waliishia pabaya.

Maono yenyewe hayana upole. Mwanamke ana mimba na analia kwa utungu. Mbele yake limesimama joka kubwa jekundu, lenye vichwa saba na pembe kumi, linangoja mtoto azaliwe limle. Mtoto wa kiume anazaliwa, ndiye atakayetawala mataifa yote kwa fimbo ya chuma, na papo hapo ananyakuliwa hadi kwenye kiti cha enzi cha Mungu. Mama anakimbilia jangwani, anatunzwa huko siku 1260. Vita vinazuka mbinguni. Mikaeli na malaika zake wanalitupa joka duniani. Nalo linamwandama mama, anapewa mabawa ya tai aruke; linatapika mto umchukue, nchi inafumbua kinywa na kuumeza mto ule. Likiwa limemkosa, joka linawageukia watoto wake wengine, wale wanaozishika amri za Mungu na kuushika ushuhuda wa Yesu. Huo ndio mstari wa 17. Namwomba msomaji auweke akilini, kwa kuwa hukumu ya swali zima iko hapo.

Irenaeus, askofu wa Lyon aliyeandika kama mwaka 180, alisema maono haya yalionwa karibu na mwisho wa utawala wa Kaisari Domitian, aliyetawala kuanzia mwaka 81 hadi 96. Yohana alikuwa Patmo, kisiwa kidogo cha Bahari ya Aegean kisicho mbali na Efeso, na aliwaandikia Wakristo wa makanisa saba ya Asia, sehemu ambayo leo ni magharibi ya Uturuki. Walikuwa watu wachache, wasio na nguvu serikalini, katika miji iliyojaa mahekalu ya miungu na ya makaisari.

Wale waliokuwa wamelelewa katika Maandiko walizitambua alama mara moja. Jua, mwezi na nyota vimo katika ndoto ya Yusufu, na pale vinasimama kwa baba, mama na ndugu zake, yaani nyumba ya Israeli. Isaya 66 inaisema Sayuni kuwa mama anayejifungua taifa. Mika 4 inamwambia binti Sayuni aone utungu. Mabawa ya tai ni yaleyale ambayo Mungu, katika Kutoka 19, anawaambia Waisraeli kwamba aliwachukulia juu yake kutoka Misri. Nyoka na uzao wa mwanamke wamo katika Mwanzo 3. Zipange alama hizo zote pamoja, na karibu kila moja inaelekeza kwa taifa. Hati za kale zilizoanza kupatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, ziliongeza ushahidi mwingine: miongoni mwa tenzi za shukrani za Wayahudi walioishi huko jangwani umo mmoja unaozungumzia mwanamke mwenye utungu anayemzaa mwana wa kiume wa ajabu. Picha hiyo ilikuwa hai miongoni mwa Wayahudi kabla Yohana hajashika kalamu.

Majirani wa Wakristo wale, waliokuwa wakiabudu miungu ya Kiyunani, nao walikuwa na hadithi yao. Leto, akiwa amembeba Apollo tumboni, aliandamwa na joka Python lililotaka kumwua. Akaokolewa, akamzaa mwana, na mwana akaja kuliua joka. Mwanajiografia Strabo anaandika kwamba karibu na Efeso palikuwa na kichaka kitakatifu kiitwacho Ortygia, ambapo wenyeji waliamini Leto alijifungulia. Mwaka 1895 mtaalamu Mjerumani Hermann Gunkel alidai kwamba sura ya 12 ina mizizi katika hadithi za kale za Babeli kuhusu vita vya mungu na mnyama wa vilindini. Mwaka 1976 Adela Yarbro Collins alionyesha jinsi inavyokaribiana zaidi na habari za Leto. Wapo waumini wanaoogopa utafiti wa namna hii, lakini mimi naona unampa Yohana heshima kubwa. Makaisari, tangu Augusto, walipenda kujinasibisha na Apollo. Yohana akaichukua hadithi ambayo watawala walijipambia nayo na kuwapokonya: mwana wa kweli ni Masihi aliyesulubiwa na Roma, na joka ndilo linaloipa Roma nguvu zake.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, jibu lilikuwa moja. Hippolytus, aliyeandika Roma kama mwaka 200, alisema mwanamke ni Kanisa: jua alilovikwa ni Neno wa Mungu, nyota 12 ni mitume, na mabawa mawili ni imani katika Kristo aliyeinyosha mikono yake msalabani. Victorinus wa Pettau, mji unaoitwa sasa Ptuj nchini Slovenia, aliyeuawa kwa ajili ya imani kama mwaka 304, aliandika ufafanuzi wa Ufunuo ambao ndio wa kale zaidi kutufikia kwa Kilatini. Kwake mwanamke ni Kanisa la kale la mababu, manabii, watakatifu na mitume, na utungu wake ni kule kuugua kwao wakimngoja Kristo. Hapa nasimama kidogo, maana Victorinus aliona jambo ambalo wengi baadaye walilisahau: mwanamke huyu anaanza kabla ya Betlehemu na anaendelea baada ya Kalvari. Ni mama wa Masihi na ni mama wa wanaomfuata. Umri wa namna hiyo mtu mmoja hana.

Methodius wa Olympus, wa kizazi hichohicho, alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha karamu ya mabikira kumi, anampa Thekla, mmoja wao, nafasi ya kulieleza fumbo. Thekla anasema mama ni Kanisa, na mtoto anayezaliwa ni kila muumini anayezaliwa katika ubatizo akichukua sura ya Kristo. Wala hakubali kwamba mtoto ni Yesu mwenyewe, kwa hoja kwamba kuzaliwa kwa Yesu kulikuwa kumetimia zamani, ilhali Yohana anasema ya sasa na yajayo. Hoja hiyo sikubaliani nayo, kwa kuwa fimbo ya chuma ni ya Masihi wa Zaburi ya 2. Hata hivyo, Methodius alimwachia mwanamke utungu wake, na utungu huo akaugeuza kuwa kazi ya Kanisa ya kila siku.

Hatua mbili kubwa zilizofuata zilipigwa barani Afrika, na inasikitisha kwamba Waafrika wengi tunaoisoma Biblia hatuzijui. Tyconius alikuwa mlei wa Afrika Kaskazini, wa upande wa Wadonati, kundi lililojitenga na Kanisa Katoliki huko, aliyeandika kama mwaka 380. Wadonati wenzake walimtenga. Wakatoliki hawakuwa na sababu ya kumpenda, lakini Agostino alizisifu kanuni zake saba za kusoma Maandiko na kuzieleza kwa kirefu. Ufafanuzi wake wa Ufunuo ulipotea, tunaujua kupitia vipande walivyonakili waliomfuata: Primasius wa Hadrumetum, Beda wa Uingereza, Beatus wa Hispania. Tyconius alifundisha kwamba Ufunuo si kalenda ya mwisho wa dunia. Unaeleza maisha ya Kanisa katika kila zama, kati ya ujio wa kwanza wa Kristo na wa pili. Kwa hiyo mwanamke humzaa Kristo siku zote, katika viungo vya mwili wake, na joka humngoja siku zote.

Wa pili ni Quodvultdeus, askofu wa Karthago. Mwaka 439 Wavandali wa mfalme Geiseric waliuteka mji, wakampakia yeye na wakleri wake katika merikebu mbovu na kuwasukuma baharini; walifika Napoli wakiwa hai, na huko akafia uhamishoni. Mtu aliyeliona joka kwa macho yake. Katika mahubiri aliyowapa wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa ya Agostino, alisema mwanamke ni Maria, aliyemzaa Kristo, kichwa chetu. Lakini papo hapo akaongeza kwamba Maria alibeba ndani yake mfano wa Kanisa takatifu. Kwa maneno machache mno aliziunganisha pande mbili ambazo zingekuja kugombana kwa karne nyingi.

Mashariki walisitasita. Epiphanius wa Salamis, kisiwani Kipro, miaka ya 370, aliitaja sura hii alipokuwa akijadili mwisho wa maisha ya Maria, akasema huenda imetimia kwake, ila hathubutu kuthibitisha. Katika karne ya 6 Oecumenius, mwandishi wa ufafanuzi wa kwanza wa Ufunuo kwa Kiyunani, alithubutu: mwanamke ni Mama wa Mwokozi. Baada yake Andrew wa Kaisaria alilitaja wazo hilo kwa heshima, kisha akarudi kwa Methodius na Kanisa.

Magharibi mwa Ulaya picha ndiyo iliyopeleka wazo mbele. Beatus, mmonaki wa Liébana katika milima ya kaskazini mwa Hispania, alitunga ufafanuzi wake mwaka 776, na nakala zake zilichorwa kwa rangi kali za njano, nyekundu na buluu. Katika nakala hizo joka hutanda kurasa mbili nzima, mama akiwa pembeni, mdogo. Wachoraji wale waliyajua maono kuwa ya hatari.

Kisha akaja Bernard wa Clairvaux, aliyefariki mwaka 1153. Katika mahubiri yake juu ya zile nyota 12 alikiri waziwazi kwamba mfululizo wa maono unalihusu Kanisa, lakini akasema haifai kukataa kuyahusisha na Maria. Kisha akazifanya nyota 12 kuwa neema 12 alizojaliwa. Waliomfuata walizishika nyota na kukisahau kile alichokiri. Ugumu mmoja ulibaki. Mapokeo yalifundisha kwamba Maria alijifungua bila uchungu, ilhali mwanamke wa Ufunuo analia. Wakajibu kwamba utungu ule ni wa Kalvari, Maria akiwa chini ya msalaba. Jibu hilo lina uzuri wake, na linagusa Injili ya Yohana, ambapo Yesu akiwa msalabani anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi.

Mahali ambapo maono yalikatwa vibaya zaidi ni Seville ya karne ya 17. Francisco Pacheco, mchoraji na mkaguzi wa sanaa takatifu kwa niaba ya Baraza la Uchunguzi wa Imani, alikuwa baba mkwe wa mchoraji Velázquez na mwalimu wake. Katika kitabu chake cha sanaa ya uchoraji, kilichochapishwa mwaka 1649 baada ya kifo chake, aliweka masharti ya kumchora Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili: awe msichana wa miaka 12 au 13, avikwe jua, mwezi uwe chini ya miguu, nyota 12 zimzunguke kichwa. Kuhusu joka, Pacheco aliandika kwamba hapendi kulichora, na kwamba huliacha kila awezapo. Mchoraji Murillo akaja na picha zake nyingi za binti mwororo anayeelea mawinguni, na dunia nzima ya Kikatoliki ikazizoea. Mimba haipo, kilio hakipo, jangwa halipo, wala watoto waliosalia hawapo. Ni sanaa ya hali ya juu. Kama ufafanuzi wa Ufunuo 12, imebakiza mavazi tu.

Mexico mambo yalikuwa tofauti. Picha ya Guadalupe, ambayo mapokeo huihusisha na mwaka 1531, ina miale ya jua na mwezi chini ya miguu. Mwaka 1648 padre Miguel Sánchez alichapisha kitabu kilichomtambua Maria wa Guadalupe kuwa ndiye mwanamke wa Patmo. Watu waliovunjwa na ukoloni walipata mama anayefanana nao, aliye katika jangwa lao. Mwaka 1810, Miguel Hidalgo alipoanzisha vita vya uhuru, bendera aliyobeba ilikuwa ya Guadalupe. Pale angalau joka lilikumbukwa.

Waprotestanti walirudi kwenye jibu kwamba mwanamke ni Kanisa, lakini walibeba saa mkononi. Kwa kuhesabu kila siku kuwa mwaka, siku 1260 zikawa miaka 1260, na jangwa likawa kipindi ambacho waumini wa kweli waliteswa chini ya upapa. Joseph Mede wa Cambridge aliipanga hesabu hiyo kitaalamu katika kitabu chake cha mwaka 1627. Mwezi wa Februari 1798 jeshi la Jenerali Berthier wa Ufaransa liliingia Roma, na Papa Pio VI akachukuliwa mateka, akafia Valence mwaka uliofuata. Wahesabuji waliona ushahidi: toa 1260 katika 1798, unapata 538. Huo ndio msingi ambao mhubiri Mmarekani William Miller aliwarithisha Waadventista. Kwa haki, nasema Waadventista ni miongoni mwa wachache wanaousoma mstari wa 17 kwa uzito wote. Kinachonitatiza ni kwamba watoto wale waliosalia wanafanywa kuwa dhehebu moja lenye tarehe ya kuzaliwa, na jangwa linafungwa mwaka 1798, kana kwamba Wakristo walioteswa baada ya hapo hawakuwa na mahali ndani ya maono.

Hatari kubwa ilikuwa kumtafuta mwanamke akiwa hai. Joanna Southcott, binti wa mkulima wa Devon nchini Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1750 na kufanya kazi za ndani kwa miaka mingi, alianza kutangaza unabii mwaka 1792. Alisema yeye ndiye mwanamke aliyevikwa jua. Maelfu walimfuata na kupokea karatasi zenye muhuri wake. Mwaka 1814, akiwa na miaka 64, alitangaza kwamba ana mimba ya Shilo, mwana wa ahadi. Baadhi ya madaktari waliompima walikubali kwamba dalili zinafanana na za mimba. Wafuasi wakanunua kitanda cha mtoto cha thamani, wakaleta zawadi. Alifariki tarehe 27 Desemba 1814. Waliuweka mwili wake kwenye joto kwa siku nne wakingoja. Ulipopasuliwa, mtoto hakuwamo. Baadhi yao wakasema alikuwa amenyakuliwa kwenda mbinguni. Simcheki mama huyu. Alikuwa mtumishi maskini aliyesoma kwamba Mungu amemvika mwanamke jua, na hakuwapo mtu wa kumwonyesha kwamba tayari alikuwa na nafasi katika sura ile, miongoni mwa watoto waliosalia.

Wengine walimtafuta angani. Tarehe 23 Septemba 2017 jua lilikuwa katika kundi la nyota la Mashuke, linaloitwa pia Bikira, mwezi karibu na miguu yake, Mshtarii ndani ya kundi hilo, na juu yake nyota tisa za kundi la Simba pamoja na sayari tatu, Utaridi, Zuhura na Mirihi, ili zitimie 12. Video zilienea kila lugha kwamba ishara imetimia. Siku ikapita. Kundi la Simba lina nyota nyingi kuliko tisa. Hesabu ile ilitegemea ni zipi zihesabiwe.

Kando ya mambo hayo, wataalamu wa makanisa mbalimbali walikuwa wakikaribiana kimyakimya. Papa Pio XII, alipotangaza mwaka 1950 fundisho la Kupalizwa, aliandika kwamba walimu wa zama za kati waliliona katika mwanamke wa Ufunuo. Hakusema kwamba hiyo ndiyo maana ya kwanza ya andiko. Wafafanuzi wengi wa Kikatoliki leo husema kwamba maana ya kwanza ni watu wa Mungu, na Maria yumo kwa kuwa kwa njia yake watu hao walimzaa Masihi. Wafafanuzi wengi wa Kiprotestanti nao hawaoni sababu ya kumfukuza Maria katika sura ambayo mtoto wake ndiye anayezaliwa. Wote wamefika, bila kumtaja, pale alipokuwa Quodvultdeus. Kasoro moja ningependa irekebishwe: somo la tarehe 15 Agosti huruka vita vya Mikaeli na kukomea mstari wa 10, hivyo Mkatoliki wa kawaida hausikii kamwe mstari wa 17 siku hiyo.

Jibu langu, basi, ni hili. Mwanamke aliyevikwa jua ni watu wa Mungu, tangu Ibrahimu hadi muumini wa mwisho. Maria ni binti wao aliye bora, aliyewafikisha kwenye kuzaa kwenyewe. Na hakuna dhehebu, nabii wala nchi yenye haki ya kumchukua awe wake peke yake. Jibu hili halipunguzi kitu katika maono: utungu umo, joka limo, jangwa limo, watoto wamo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, akija mhubiri wa redioni au wa mtandaoni na kukutajia jina, tarehe au nyota, usibishane naye. Fungua Ufunuo 12, msome naye hadi mwisho, kisha mwulize watoto waliosalia ni akina nani.